Hummus: Sahani Moja, Wenyewe Wengi

Umewahi kununiana na mwenzio kwa ajili ya chakula? Mimi nimenuniana na mume wangu siku tatu nzima, kisa pilau. Kwao wanatia nyanya, kwetu nyanya ni mwiko. "Hili si pilau," nikasema, tena mbele ya mama mkwe. Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku ya tatu, bosi wake Mlebanoni akatualika chakula cha jioni. Ikaletwa sahani ya kitu laini kama uji mzito, kimemwagiwa mafuta ya zeituni, pembeni mikate bapa ya moto. Hummus. "Hii ni ya kwetu," akasema mwenyeji. Mgeni mwingine, Mpalestina, akaweka mkate wake chini: "Tangu lini?" Wakacheka, lakini jamani, kile kicheko hakikufika machoni.

Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Kumbe hummus kwa Kiarabu ni dengu tu! Jina kamili ni hummus bi tahina, dengu kwa tahini, yaani ufuta uliosagwa. Dengu zinachemshwa mpaka zilainike kabisa, zinapondwa na tahini, maji ya limau, kitunguu saumu na chumvi. Basi.

Sasa mwenyewe ni nani? Dengu zilianza kulimwa yapata miaka 10,000 iliyopita, maeneo ya kusini mashariki mwa Uturuki na Syria ya leo, wakati hata nchi hizo hazijakuwepo. Vitabu vya mapishi vya Kiarabu vya karne ya 13, vya Syria na Misri, vinataja dengu za kupondwa zenye siki na viungo. Ni ndugu wa hummus, ila si hii tunayoijua leo.

Historia haikuwazuia watu kugombana. Mwaka 2008 wenye viwanda wa Lebanon walitaka hummus itambulike kuwa ya kwao, kama jibini la feta lilivyo la Wagiriki. Zikafuata sahani za kuoneshana. Oktoba 2009 Beirut ikatengeneza zaidi ya kilo 2,000. Januari 2010 Abu Ghosh, kijiji cha Waarabu nchini Israel, kikajibu kwa zaidi ya kilo 4,000, zilizopakuliwa ndani ya dishi la setilaiti! Mei mwaka huohuo Lebanon ikapiga kilo 10,452, sawasawa na kilomita za mraba za nchi yao.

Unaweza kucheka. Lakini kwa Wapalestina, ambao wengi walipoteza makazi yao mwaka 1948, ladha ya nyumbani ni kitu walichoweza kuondoka nacho. Ukimwambia mtu chakula chake si chake, ni kama umemwambia na kwao si kwao.

Hapo nikamkumbuka mama mkwe, alivyonyamaza siku ile.

Jumapili nikaenda kwake na kilo ya mchele, nikaomba radhi, nikamwambia anifundishe. Alinifundisha, na nyanya zake. Siku hizi kwetu tunapika kwa zamu. Na hummus pia tunajaribu, maana dengu za Kanda ya Ziwa na ufuta wa Lindi vyote sokoni vipo.

Pilau la nyanya? Sijalizoea bado. Ila naliita pilau.