Mkataba Kabla ya Safari

Nabii Musa (a.s.) alipoikimbia Misri, alifika Madyan akiwa mgeni asiye na ndugu. Suratul Qasas inatueleza kuwa mzee wa huko alimpa kazi, na kabla hajaianza walikubaliana muda: miaka minane, na akitimiza kumi iwe kwa hiari yake. Mwenyezi Mungu akawa shahidi wao. Kwa hiyo, haki ya mfanyakazi wa ugenini si jambo geni kwetu Waislamu.

Sisi wa nyanda za juu za Kigoma, kutoka Titye hadi Kibondo, tunaijua safari ya kazi kwa pande zote mbili. Babu zetu walikwenda manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga, wakiandikishwa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanzishwa mwaka 1944. Mkataba ulikuwapo, lakini masharti yalipangwa na upande mmoja. Leo Warundi huvuka mpaka kuja kulima mashamba yetu, na mabinti wa nchi yetu husafiri kwenda Oman na Falme za Kiarabu kufanya kazi za nyumbani.

Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuwahoji Watanzania 50 waliofanya kazi hizo. Wengi walisimulia kunyang'anywa pasipoti, kunyimwa mapumziko na kulipwa chini ya walivyoahidiwa. Chini ya utaratibu wa kafala, kibali cha mfanyakazi kimefungwa kwa mwajiri wake. Akitoroka dhuluma, huhesabiwa yeye ndiye mkosaji.

Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2011, unataka mfanyakazi wa nyumbani apewe masharti kwa maandishi kabla ya kuvuka mpaka, na abaki na pasipoti yake. Hata hivyo, mkataba huo huifunga nchi iliyouridhia tu. Ndiyo maana yanahitajika makubaliano ya nchi kwa nchi, yenye kutaja mshahara, mapumziko na mahali pa kushtaki.

Nasi tujitazame. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, lakini milango ambayo Tanzania iliifungua iliwalenga wataalamu na mafundi, si kibarua wa jembe. Mrundi anayepalilia maharage yetu hana karatasi ya kumlinda. Akinyimwa ujira, ataogopa kushtaki asije akarudishwa kwao.

Wazazi, binti asiondoke bila mkataba anaouelewa, na nakala ibaki nyumbani. Wakala achunguzwe kama ana leseni. Na jioni, kibarua atokapo shambani kwetu, alipwe tulichoahidi. Hatuwezi kuwadai watu wa Muscat haki ambayo sisi wenyewe tunamnyima jirani wa Burundi.