Mto unaozaliwa chini ya zege

Jirani na uwanja wa Ellis Park, Johannesburg, watu hukanyaga mto kila siku bila kujua. Jukskei unaanzia hapo, umefukiwa chini ya lami na majengo, na ukija kuliona jua tayari umekuwa mtaro.

Ukiuliza kwa nini watu wa mjini wametengana na mazingira ya asili, utajibiwa: simu. Simu ina lawama zake, sikatai. Ila Johannesburg ilianza utengano huo tangu 1886, dhahabu ilipogunduliwa. Kabla ya hapo palikuwa nyika ya nyasi. Msitu wa mjini unaosifiwa leo ulipandwa na watu: mikaratusi ya kukatwa nguzo za migodini, mijakaranda kutoka Amerika Kusini ya kupamba mitaa ya wenye nazo. Kaskazini kukawa kivuli. Kusini, kuelekea Soweto, kukabaki vilima vya manjano vya mchanga wa migodi, na upepo wa Agosti ukivuma, vumbi lake la silika huingia mpaka jikoni. Sheria ya ubaguzi wa rangi ya 1953 ikaruhusu hata bustani za umma kugawanywa kwa rangi ya ngozi. Ilifutwa 1990, lakini miti haihami kwa kufutwa sheria.

Hasara ya utengano huo mwilini si ya kufikirika. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Waliotazama miti dirishani waliruhusiwa mapema na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Utafiti wa 2019 uliohusisha watu wapatao 20,000 Uingereza ulionyesha kwamba wanaotumia angalau dakika 120 kwa wiki penye uoto na hewa wazi huelekea kusema wana afya njema. Bila shaka mwenye afya ndiye mwepesi wa kutoka, kwa hiyo tusiyageuze matokeo hayo kuwa cheti cha daktari.

Na dakika 120 anazipata wapi mama wa Hillbrow, mtaa wa maghorofa katikati ya jiji, anayeogopa kuporwa njiani kwenda bustanini? Mwenzake wa Sandton, mtaa wa matajiri, anayo bustani, ila naye amejifungia nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme. Woga huo mmoja umewafungia ndani wote wawili.

Mwanasaikolojia Peter Kahn ameeleza jambo linalonisumbua zaidi: kila kizazi huchukulia hali kilichoikuta utotoni kuwa ndiyo ya kawaida. Mtoto wa Alexandra, kitongoji cha maskini kando ya mto, anaujua Jukskei kwa plastiki, harufu na mafuriko yanayobomoa vibanda vya kingoni. Kwake mto ndio huo. Maji yake lakini hayaishii Alexandra. Huingia mto Crocodile, kisha Limpopo, na kupitia Msumbiji yanamwagika Bahari ya Hindi, hiihii tunamovua sisi wa pwani.