Baiskeli, Ramani ya Simu na Haki Yako Njiani

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 ina kifungu ambacho wengi wetu hawajakisikia. Mfanyakazi akiumia alipokuwa akisafiri moja kwa moja kwenda au kutoka kazini, ajali hiyo huhesabiwa kuwa ni ya kazini. Lakini sheria hiyo hiyo inamtaka yeye mwenyewe aonyeshe kwamba safari yake ilikuwa ya moja kwa moja. Kwa anayepanda gari la kiwanda hilo si gumu. Kwa mwenye baiskeli, anayekata vijia vya migombani alfajiri bila shahidi, ni kazi kubwa.

Ndiyo maana safari hii tunazungumzia ramani za simu.

Tuchukue makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanza mwaka 1958 kwa wakimbizi wa Rwanda. Leo wanaishi humo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawaruhusu kuajiriwa, na wapo wanaofanya vibarua katika mashamba ya ndizi ya Isingiro, wapo wanaotafuta kazi Mbarara. Kutoka Base Camp hadi Mbarara ni zaidi ya kilomita 40 za barabara. Katikati kuna vilima, na mabondeni kuna vinamasi vya Mto Rwizi na maziwa ya Mburo na Nakivale. Mstari ulionyooka kwenye ramani hauvushi mtu kinamasi.

Simu yenye kipokezi cha setilaiti hujua mahali ilipo bila intaneti na bila malipo. Kinachokula fedha ni kupakua ramani. Basi pakua mara moja, mahali penye mtandao wa nafuu, kisha tumia bure. Programu za OsmAnd na Organic Maps hufanya hivyo. Zote hutumia ramani ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo huchorwa na watu wa kawaida wa kujitolea.

Ukiomba njia ya baiskeli, usitazame kilomita peke yake. Tazama mchoro wa miinuko. Vipimo vingi vya miinuko hiyo vilitokana na chombo cha angani cha Marekani, Endeavour, kilichopima sehemu kubwa ya dunia kwa rada kwa siku 11 mwezi Februari 2000. Njia ya kilomita 12 inayozunguka kilima mara nyingi ni nafuu kuliko ya kilomita 9 inayokipanda, hasa ukiwa na mikungu mitatu nyuma. Simu haijui kwamba umebeba mikungu. Haijui pia kwamba mvua imenyesha usiku na njia ya udongo imekuwa utelezi. Hayo muulize aliyetoka huko jana.

Barabara ya lami ya Mbarara hadi Kikagati, mpakani mwa Tanzania, ni laini kwa gurudumu, lakini malori nayo yanaipenda. Kwa maoni yetu, kukwepa kipande cha hatari kwa njia ya kando si kuzurura, na mwajiri asilifanye kuwa kisingizio. Ila jiandae. Chagua njia yako ya kazini, iendeshe mara kwa mara, na siku moja iwashie simu irekodi: OsmAnd huhifadhi mstari wa njia pamoja na saa. Mpe mwakilishi wa tawi nakala. Siku ya ajali, mstari huo na maneno ya mashahidi yatasaidia. Usipitie kilabuni kwanza. Hapo hata setilaiti itakushuhudia vibaya.

Rekodi hiyo ni mali yako. Msimamizi anayetaka kukufuatilia kwa simu yako baada ya saa za kazi apelekwe kwenye chama.

Kazi ya setilaiti humaliza betri upesi, kwa hiyo zima kioo na utazame kwenye njiapanda tu. Ukikuta daraja limevunjika, au kijia cha Juru au Rubondo hakimo ramanini, kiongeze mwenyewe kwenye OpenStreetMap. Kujiandikisha ni bure, na mwenzako wa zamu ya usiku atakikuta kimechorwa.