Kitanda Kilibebwa na Wanne

Leo nawaomba mfungue Injili ya Marko, sura ya pili, mahali panaposimuliwa habari za mtu mwenye kupooza aliyeletwa kwa Bwana kule Kapernaumu. Mwajua jinsi mambo yalivyokuwa. Nyumba ilijaa watu hata mlangoni hapakupitika, na wale waliomleta wakapanda juu, wakatoboa dari, wakamteremsha pamoja na kitanda chake. Mwinjilisti hakutuambia majina yao. Lakini hesabu yao alitupa: walikuwa wanne.

Hesabu hiyo ndiyo nitakayoizungumzia, kwa maana katika mitaa yetu wako wazazi wanaobeba kitanda cha namna hiyo peke yao, mwaka baada ya mwaka, na sisi tunawapa njia wapite. Nawasema wazazi wa watoto wenye usonji.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Usonji si ugonjwa wa kuambukiza, wala si wazimu, wala si pepo. Ni hali ya jinsi ubongo unavyokua, nayo huanza mapema kabisa katika maisha ya mtoto. Mtoto huitwa jina lake asigeuke. Haonyeshi kitu kwa kidole kama watoto wa umri wake wafanyavyo. Huenda akachelewa kusema, au akasema kwa kurudia-rudia maneno aliyoyasikia. Mwingine hupanga vifuniko vya chupa mstari mmoja kutwa nzima, na ukivisogeza atalia kana kwamba umemchoma. Mwingine hawezi kuvumilia kelele, na hapa niseme kwa upole kwamba vipaza sauti vya baadhi ya makanisa yetu vingemtesa hata Lazaro kaburini. Wako wenye usonji wanaosoma hata chuo kikuu, na wako watakaohitaji kusaidiwa maisha yao yote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na usonji. Basi, katika ibada yenye watu 500, usishangae wakiwamo watatu au wanne.

Na mzazi asilaumiwe. Katika miaka ya 1950 na 1960 wako madaktari wa Ulaya na Marekani waliofundisha kwamba usonji waletwa na mama asiyempenda mtoto wake. Mwanasaikolojia Bernard Rimland, ambaye mwenyewe alikuwa baba wa mtoto mwenye usonji, aliyapinga mafundisho hayo katika kitabu chake cha mwaka 1964, na leo yametupwa. Kisha mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapa makala yaliyowatia watu hofu kwamba chanjo ya surua yaleta usonji. Jarida hilo liliyafuta makala hayo mwaka 2010. Ijapokuwa ni hivyo, bado yuko mama anayeulizwa na mashemeji, "Ulifanya nini ulipokuwa na mimba?" Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza swali la jinsi hiyo juu ya kipofu, nao walijibiwa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo husemwa kwa sauti ya chini, nalo ni fedha.

Hakuna dawa ya kuondoa usonji. Kinachomsaidia mtoto ni mafunzo ya subira, na kadiri yanavyoanza mapema ndivyo yafaavyo zaidi. Yuko mtaalamu wa usemi, amfundishaye mtoto kuwasiliana, iwe kwa maneno, kwa ishara au kwa picha. Yuko mtaalamu wa tiba ya kazi. Huyu hatafutii watu ajira, kama wengine wadhanivyo. Humfundisha mtoto kazi za kila siku, kama kushika kijiko, kufunga vifungo, kwenda chooni na kuvumilia mswaki kinywani. Mafunzo haya hayatolewi mara moja yakaisha kama sindano. Ni leo, na juma lijalo, na mwaka ujao.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kliniki ya binafsi yatoza shilingi 2,000 kwa kikao kimoja, na mtoto aende mara mbili kwa juma. Hizo ni shilingi 16,000 kwa mwezi. Ongeza nauli ya kwenda na kurudi, tuseme shilingi 300 kila safari, zinakuwa 18,400. Tena mama amefunga kazi siku nane. Ikiwa siku moja humpa shilingi 500, basi amepoteza 4,000 nyingine. Jumla ni shilingi 22,400 kila mwezi, na bado hatujamnunulia mtoto hata kiatu. Mtu wa kibarua atazitoa wapi?

Sisi Wakenya twajua kuchanga. Akifa mtu, kamati ya mazishi huundwa usiku uleule, na kabla ya jua kuchwa siku ya pili simu zimejaa fedha. Bili ya hospitali ikitushinda, twaita harambee. Lakini harambee ni ya jambo lenye mwisho. Usonji hauna siku ya kutoka wodini. Mzazi akija mara ya kwanza tunachanga, mara ya pili tunachanga kidogo, mara ya tatu watu wanatazama saa. Naye, kwa kuwa ana haya, haji tena.

Nilimjua mama mmoja aliyeuza mboga sokoni. Kila Jumanne na kila Ijumaa alimpeleka kijana wake hospitali ya kaunti, katika idara ya tiba ya kazi. Baada ya miezi minne akaacha. Si kwamba hakuona faida. Wakati alipoacha, kijana alikuwa ameanza kuonyesha kikombe kwa kidole anapotaka maji, badala ya kujipiga kichwa ukutani. Wengine walisema mama huyo amechoka na mtoto. Akina mama wa Umoja walipomtembelea na kumsikiliza vizuri, waligundua kwamba ada ya hospitali siyo iliyomshinda. Kilichomshinda ni meza ya mboga iliyofungwa siku mbili katika juma, na wateja wakahamia kwa jirani. Basi walipanga zamu ya kuiangalia meza. Hawakutoa hata senti moja, na kijana akarudi kliniki.

Nasema hivi kwa sababu watu husikia neno "msaada" wakafunga mifuko. Wale wanne wa Kapernaumu hatuambiwi kwamba walitoa fedha. Walitoa mabega.

Hata hivyo mabega pekee hayatoshi, na iko milango ambayo mzazi ana haki kuibisha. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya matibabu, na kifungu cha 54 chamlinda mtu mwenye ulemavu apewe heshima na nafasi ya kusoma. Iko pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2025, iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Kwa hiyo mama anayeingia ofisini asiingie kama mwombaji wa sadaka.

Mlango wa kwanza ni kumsajili mtoto katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mtoto hupimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha baraza humwandikisha. Njia hii ina safari nyingi na foleni ndefu, nami nimewaona wazazi walioikatia tamaa katikati. Lakini bila uandikisho huo milango mingine haifunguki, hata ule wa mfuko wa baraza ambao umesaidia watu kwa karo na vifaa.

Wa pili ni vituo vya upimaji wa kielimu, ambavyo walimu huviita kwa herufi EARC. Vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Hapo mtoto huangaliwa na mzazi huelekezwa shule inayomfaa. Mwalimu mkuu akikwambia, "Huyu hatumwezi," usirudi nyumbani. Nenda kituoni, ukaombe barua.

Iko pia ruzuku ya Inua Jamii kwa jamaa zenye mtu mwenye ulemavu mkali, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa hesabu yetu ya hapo juu, hicho ni kikao kimoja cha kliniki. Nisingependa mtu aidharau, kwa maana hulipa nauli. Lakini yeyote asemaye kwamba serikali imemaliza wajibu wake, na afanye hesabu upya. Ama juu ya bima, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua kazi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Kabla ya kuanza vikao, ulizeni dirishani waziwazi: tiba hii inalipiwa, na ni vikao vingapi? Andikeni jibu na jina la aliyelitoa.

Jambo moja zaidi, na hili nalipenda kuliko yote. Shirika la Afya Duniani limetengeneza mafunzo kwa ajili ya wazazi na walezi wa watoto kama hawa: vikao tisa vya pamoja na kutembelewa nyumbani mara tatu. Mzazi hufundishwa kutumia michezo na kazi za nyumbani, kama kuoga, kula na kufua, ili mtoto ajifunze kuwasiliana. Anayeyaongoza si lazima awe daktari, ila awe amefunzwa na awe chini ya uangalizi wa aliyebobea. Nafikiri juu ya kumbi zetu za kanisa zilizofungwa kufuli kuanzia Jumatatu hata Jumamosi. Parokia ingeweza kumwomba mtaalamu wa hospitali ya kaunti aje mara moja kwa mwezi, akutane na wazazi kumi kwa pamoja, badala ya wazazi kumi kupanda matatu kumi.

Neno kwa wahubiri wenzangu. Tuwaombee watoto hawa kwa bidii, na kwa majina. Lakini anayechukua fedha ya mama huyu kwa chupa ya mafuta, akimwahidi kwamba mtoto atasema Jumapili ijayo, anakula nauli ya kliniki. Sina neno laini kwa jambo hilo.

Kwa parokia inayotaka kuanza, si lazima kuanza na jambo kubwa. Watu 60 wakitoa shilingi 50 kila mwezi, hizo ni 3,000. Mtunza hazina azilipe hospitalini mwenyewe, alete risiti mbele ya wazee wa kanisa, na jina la mtoto lisitangazwe madhabahuni. Itafuteni nafasi karibu na mlango wa nyuma, mbali na vipaza sauti, mtoto aweze kutoka na kuingia bila kukodolewa macho. Na kabla hamjaunda kamati, wawili wenu nendeni kwa mama mwenyewe, mkamwulize siku ya kliniki ni ipi, nani hubaki na watoto wengine siku hiyo, na gari la kwanza hupita saa ngapi.