Tindikali Ndani ya Kisima cha Mafuta

Kisima cha mafuta kinapoanza kutoa mapipa machache kuliko ilivyokuwa kawaida yake, si lazima iwe kwamba mafuta yamekwisha huko chini. Mara nyingi mafuta yangalipo, na kanieneo ya kuyasukuma ingalipo pia, ila njia imeziba. Na pahali penyewe palipoziba si mbali. Ni katika mwamba unaokizunguka kisima, kwa umbali ambao mtu mzima angeweza kuufikia kwa kunyoosha mkono.

Ili kuelewa kwa nini kipande kidogo namna hiyo cha mwamba kinaweza kuharibu kazi ya kisima kizima, yafaa kukumbuka kwamba mafuta hayakai ardhini kama maji ndani ya tangi. Hukaa katika vinyweleo vya mwamba, kama maji yanavyokaa ndani ya tofali lililolowa. Kisima kikishatobolewa, mafuta husafiri kutoka kila upande kuelekea shimo moja jembamba. Na kadiri yanavyokaribia ndivyo eneo la kupitia linavyopungua. Ni kama watu wanaotoka katika uwanja wa mpira kwa mlango mmoja: walio mbali hutembea wapendavyo, msongamano uko mlangoni.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme kisima kina nusu kipenyo cha sentimita 10, nacho kinavuta mafuta kutoka umbali wa mita 100. Njia hiyo na igawanywe katika sehemu tatu: kutoka sentimita 10 hadi mita 1, kutoka mita 1 hadi mita 10, na kutoka mita 10 hadi mita 100. Kanuni ya mtiririko, ambayo chanzo chake ni majaribio ya mhandisi Mfaransa Henry Darcy yaliyochapishwa mwaka 1856, inaonyesha kwamba ukinzani wa sehemu zote tatu ni sawa, kwa kuwa katika kila moja umbali umezidishwa mara kumi. (Wanafunzi waliokwisha kusoma logi wataona sababu yake upesi.) Basi sentimita 90 za kwanza huyapinga mafuta sawasawa na mita 90 za mwisho.

Sehemu ile ya kwanza ikiziba hata uwezo wake wa kupitisha mafuta ukashuka hadi sehemu moja ya kumi, ukinzani wake utapanda kutoka 1 hadi 10. Jumla iliyokuwa 3 sasa ni 12, na kisima kilichokuwa kikitoa mapipa 400 kwa siku kitatoa 100. Hapo ndipo mkemia anapoitwa.

Vitu vinavyoziba njia ni vya namna nyingi. Tope linalotumika wakati wa kuchimba huacha chembe zake ndani ya vinyweleo. Udongo wa mfinyanzi uliomo katika mwamba huvimba unapokutana na maji yasiyopatana nao. Chumvi zilizoyeyuka katika maji ya ardhini huganda, kama ule ukoko mweupe unaoonekana ndani ya birika. Kila kimoja kina dawa yake, lakini dawa iliyo kongwe na mashuhuri kuliko zote ni tindikali ya haidrokloriki.

Mwalimu anaweza kuonyesha kazi yake darasani bila gharama. Jiwe la matumbawe, ambalo watu wa pwani hujengea nyumba, kwa sehemu kubwa ni kalsiamu kaboneti, sawa na mwamba wa chokaa ambao hushika mafuta katika nchi nyingi. Maji ya ndimu au siki yakidondoshwa juu yake hutoa mapovu. Tindikali ya haidrokloriki hufanya hivyo kwa nguvu zaidi:

CaCO3 + 2HCl → CaCl2 + H2O + CO2

Uzuri wa mmenyuko huu ni kwamba mazao yake yote huondoka. Kloridi ya kalsiamu huyeyuka katika maji, na kaboni daioksaidi hutoka pamoja na maji hayo kisima kinapofunguliwa. Tindikali ya salfuriki, ijapokuwa ni kali, isingefaa, kwa maana ingezaa kalsiamu salfeti, ambayo huyeyuka kwa shida na ingeziba matundu yale yale yaliyokusudiwa kufunguliwa.

Wazo hili lilipatikana mapema. Mkemia Herman Frasch, mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Lima, katika jimbo la Ohio nchini Marekani, alipata hataza mwaka 1896 kwa njia ya kumimina tindikali ya haidrokloriki katika visima vya mwamba wa chokaa. Visima viliitika. Hata hivyo, baada ya muda mfupi njia hiyo iliachwa, ikalala kwa zaidi ya miaka 30. Kosa halikuwa katika mwamba bali katika bomba. Tindikali haichagui; njiani kwenda kwenye chokaa hupita ndani ya mabomba ya chuma, na chuma nacho hukila:

Fe + 2HCl → FeCl2 + H2

Tena, kadiri kisima kinavyokwenda chini ndivyo joto linavyozidi, kwa wastani wa nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilometa, na joto huharakisha ulaji huo. Mwenye kisima aliongeza mafuta akapoteza mabomba.

Suluhisho lilitoka nje ya kazi ya mafuta. Viwanda vya chuma vilivyoosha kutu kwa tindikali vilikuwa vimegundua kwamba kiasi kidogo cha viungo fulani huifanya tindikali iile kutu na kukiacha chuma chenyewe. Viungo hivyo huitwa vizuizi. Katika jimbo la Michigan, kampuni ya kemikali ya Dow ilikuwa na visima vyake vya maji ya chumvi, nayo ilikwisha kuvitia tindikali ili vitoe zaidi. Kampuni ya Pure Oil, iliyokuwa na visima vya mafuta katika jimbo hilo hilo, ikaomba msaada, na John Grebe wa maabara ya Dow akapendekeza aseniki iwe kizuizi.

Jaribio lilifanyika Februari 1932 katika kisima kilichoitwa Fox namba 6. Vifaa vilikuwa vya kawaida mno: tindikali ililetwa kwa gari lenye tangi, ikateremshwa kisimani kwa mpira wa kumwagilia bustani. Zilitumika galoni 500 tu, yaani kama lita 1,900. Kisima kilichohesabiwa kuwa kimekufa kikaanza kutoa mapipa 16 kwa siku. Kabla mwaka huo haujaisha, kampuni ya Dowell ilikuwa imeundwa kwa ajili ya kazi hiyo.

Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanaweza kupima wenyewe udogo wa dawa hiyo. Lita moja ya tindikali ya asilimia 15 ina uzito wa gramu 1,075 hivi, na ndani yake mna gramu 161 za HCl, yaani moli 4.4. Hizo zinatosha kuyeyusha moli 2.2 za kalsiamu kaboneti, ambazo ni gramu 220. Lita 1,900 zingeyeyusha basi kilo 420 hivi. Kwa kuwa msongamano wa chokaa ni gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, mwamba uliokwenda haukuzidi lita 155, pungufu ya pipa moja la mafuta, ambalo ni lita 159.

Mwamba huo hauyeyuki kwa usawa kuzunguka shimo. Tindikali ikisukumwa polepole hula uso wa kisima tu na kwisha nguvu. Ikisukumwa kwa kasi ifaayo huchimba vichuguu vyembamba, mfano wa njia za mchwa, vinavyopenya eneo lililoziba na kufika kwenye mwamba mzima. Kupata kasi hiyo ndiyo kazi kubwa ya mhandisi.

Aseniki ililinda mabomba, lakini ni sumu kwa binadamu, na mabaki yake huharibu vichocheo vinavyotumika katika viwanda vya kusafishia mafuta. Kwa hiyo nafasi yake ilichukuliwa na kemikali za kaboni, hasa zenye naitrojeni, ambazo molekuli zake hujibandika juu ya uso wa chuma na kuwa kama utando. Utando huo haudumu siku nyingi, wala hautakiwi kudumu: kazi ya tindikali huhesabiwa kwa saa.

Mwamba wa mchanga ni jambo jingine, kwani silika haijali tindikali ya haidrokloriki. Kwa mwamba huo hutumika mchanganyiko wake na tindikali ya haidrofloriki, ambayo huyeyusha hata kioo:

SiO2 + 6HF → H2SiF6 + 2H2O

Hapa hatari huongezeka. Ikiwa mwamba huo una chokaa kidogo, haidrofloriki hukutana na kalsiamu na kufanya kalsiamu floridi, mashapo yasiyoyeyuka. Ndiyo sababu tindikali ya haidrokloriki hutangulizwa peke yake ili kuondoa chokaa kwanza. Chuma kilichoyeyuka kutoka kwenye kutu nacho hugeuka mashapo tindikali inapopungua ukali, na hivyo asidi ya sitriki, ile ile ya ndimu, huongezwa ili kukishika. Fundi asiyezingatia utaratibu huu huacha kisima kikiwa kibaya kuliko alivyokikuta. Kwa wafanyakazi, haidrofloriki ni adui mkimya: hupenya ngozi, mara nyingine bila maumivu makali mwanzoni, kisha hushambulia kalsiamu ya mwilini. Haifai kabisa kuletwa katika maabara ya shule.

Upo pia mpaka wa faida. Kisima ambacho hakikuziba, kikitiwa tindikali hata sehemu ya kwanza ikapitisha mafuta mara kumi zaidi, ukinzani utashuka kutoka 3 hadi 2.1 tu, na mapipa 400 yatakuwa 570 hivi. Hayo ndiyo mengi yanayoweza kutarajiwa. Kwa kisima kilichoziba, kuondoa kizibo peke yake kulileta ongezeko la mara nne. Kwa hiyo kupima kanieneo ya kisima ili kujua kama kimeziba hutangulia kununua tindikali.

Vizibo vingine haviguswi na tindikali yoyote kati ya hizi. Bariamu salfeti, inayoganda pale maji ya bahari yaliyosukumwa chini yanapokutana na maji ya ardhini yenye bariamu, ni bora izuiwe mapema kwa kemikali, kwa maana ikishaganda mara nyingi hukwanguliwa kwa vyombo. Nta inayotoka katika mafuta yenyewe huhitaji joto au viyeyusho kama zailini. Tatizo hili la mwisho linaihusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mafuta ya bonde la Ziwa Albert nchini Uganda yana nta nyingi kiasi kwamba hushikamana katika joto la kawaida la chumbani. Na bomba la kilometa 1,443 lililosanifiwa kuyaleta kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limepangiwa kupashwa moto njia nzima, ili mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50.