Rangi ya kifaru kidogo: usiharakishe!

Ndugu musomaji, pengine mutoto wako amepata kutoka kwa mujomba wa Ulaya kifaru cha plastiki cha kuunganisha, kipimo 1/35. Kingine hautakipata hapa karibu. Basi, musikiharibu na rangi!

Kwanza, musome chupa. Rangi za akriliki haziko zote sawasawa. Tamiya ya Japani inachanganywa na dawa yake yenye alkoli. Vallejo ya Hispania inapenda maji. Niliona kijana mumoja anatia alkoli ndani ya Vallejo: ikagandamana sawa maziwa yaliyoharibika. Franga zikapotea, machozi yakatoka.

Pili, muoshe plastiki na maji ya sabuni, ikauke. Mupake rangi ya musingi. Kisha mupake nyepesi, mara mbili ao tatu, na kila mara mungojee ikauke. Mukipaka nzito mara moja, alama zote ndogo-ndogo za chuma zitafunikwa.

Tatu, muulize mwaka. Vifaru vya Wadachi kule Ulaya vilikuwa kwanza kijivu cheusi-cheusi. Tangu Februari 1943 viwanda vikavipaka manjano iliyofifia. Vya Wamarekani vilikuwa kijani kama zeituni.

Mufungue dirisha, kwa sababu Tamiya inanuka. Na wakati rangi inakauka, baba, kaa karibu na mutoto. Umueleze kama vifaru vya kweli viliua watu wengi. Atakupenda kwa kifaru chake, na vita hataipenda.