NGUVU ZA ATOMIKI: MFANYAKAZI NA AJUE FAIDA NA HATARI ZAKE

Ndugu Wafanyakazi,

Katika mkutano wetu wa Chilinde, ambao ndugu zetu wa Dzaleka nao walihudhuria, lilitolewa swali: "Atomiki inatuhusu nini sisi watu wa tumbaku na viwanda?" Baadhi walicheka. Sisi tunasema inatuhusu, maana wanaoichimba ni wafanyakazi kama sisi.

Wengi wa Dzaleka wametoka Kongo. Bomu lililoangushwa Hiroshima, Japani, tarehe 6 Agosti 1945, lilitengenezwa kwa urani ambayo nyingi yake ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga. Waliochimba hawakuambiwa mawe yale yanakwenda kufanya kazi gani.

Lakini atomiki si bomu tu. Kule Unguja mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe kwa maradhi. Wataalamu wakafuga mbung'o Tanga, wakawapiga madume mionzi mpaka wakawa tasa, kisha wakawamwaga kisiwani kwa ndege. Majike wakakosa uzao. Kazi hiyo ilianza 1994, na 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o. Tena katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mionzi hutibu saratani.

Sasa tuje nyumbani. Machimbo ya urani ya Kayelekera, wilaya ya Karonga, yalianza kuzalisha mwaka 2009, yakasimama 2014, yakafufuliwa 2025. Kazi ni jambo jema. Ila mionzi haionekani wala hainuki. Vumbi la urani na gesi ya radoni huingia mapafuni kimyakimya, na saratani huweza kuzuka baada ya miaka mingi, wakati mfanyakazi amekwisharudi kijijini. Hapo atamdai nani, na kwa ushahidi gani?

Kwa hiyo tunashauri kila mfanyakazi wa kazi za mionzi adai haya:

1. Apewe beji ya kupima mionzi, na asomewe matokeo yake. Kipimo cha kimataifa kwa mfanyakazi ni wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, si zaidi.

2. Vumbi linyunyiziwe maji, na nguo za kazi zifuliwe kazini, zisipelekwe kwa watoto.

3. Anapoacha kazi apewe karatasi ya kiasi cha mionzi alichopata. Karatasi hiyo ndiyo ushahidi wake.

Na wewe wa kiwandani, baadhi ya mashine hupima unene au ujazo wa bidhaa kwa mionzi. Ukiona alama ya manjano yenye mapanga matatu meusi, usifungue, usiuze chuma hicho. Huko Goiânia, Brazil, mwaka 1987, waokota vyuma walivunja mashine ya hospitali iliyotelekezwa. Watu wanne walikufa, na mamia waliguswa na sumu hiyo.

Ndugu, tusiiogope atomiki kama uchawi, wala tusiipokee kama zawadi. Tuulize. Asiyeuliza hupewa vumbi, na faida huenda kwa wengine.

Umoja ni nguvu!